Nani Anaonja Kwanza?

Wasikilizaji wetu wa Mutakura, nanyi mnaotusikia kutoka Cibitoke, Kinama, Kamenge na Buyenzi mpaka ng'ambo kule Uvira, mwenye chai jikoni na amimine. Asiyekuwa na sukari avumilie kidogo, maana leo tunazungumza habari ya vitu vitamu, na habari ya sukari tutaifikia.

Methali yetu inasema: Baniani mbaya, kiatu chake dawa. Watu wa pwani waliitunga zamani, nasi wa huku bara tumeipokea bila kuuliza maswali. Ukiitazama vizuri, methali hiyo inaonyesha jinsi tulivyomjua Mhindi. Tumemjua kwa bidhaa yake. Hapa Bujumbura tunashuka mpaka Quartier Asiatique kununua kitambaa, bati, sufuria au betri ya redio hii unayoisikiliza. Tunauliza bei, tunaomba punguzo, tunalipa, tunarudi nyumbani. Kiatu chake tunakijua barabara. Jiko lake hatujawahi kulichungulia.

Jioni ya leo tuchungulie. Tena tusichungulie jiko la kila siku, bali jiko la hekalu. Wahindu wana vitu vitamu wanavyovipika kwa ajili ya ibada. Vikishaiva vinatengwa mbele ya mungu wao, vinaombewa, kisha vinagawiwa watu. Wenyewe huviita prasadi. Mutakura hatuna hekalu la Kihindu. Tuna makanisa kila baada ya hatua chache, na wenzetu wa Buyenzi wana misikiti yao. Kwa hiyo mtu anaweza kuniuliza: ndugu mtangazaji, hayo ya Wahindu yanatuhusu nini?

Yanatuhusu kwa sababu ya sheria moja ya jiko hilo. Mpishi haonji.

Nasema tena kwa wale mama zangu walio jikoni sasa hivi na mwiko mkononi. Anayepika chakula cha kutolewa hekaluni haruhusiwi kukionja. Haonji chumvi kwenye mboga wala sukari kwenye kitu kitamu. Halambi kidole. Katika mahekalu mengi hata kukinusa kwa kujifurahisha hakutakiwi. Ladha ya kwanza si yake. Ikishaonjwa na binadamu, sahani hiyo imekuwa makombo, na makombo hayatolewi.

Basi anajuaje kama kimeiva? Hapo ndipo ufundi wenyewe ulipo.

Tuchukue magasi, kitu kitamu kinachopendwa sana na watu wa Gujarati, na wengi wa Wahindi wa Afrika Mashariki asili yao ni huko. Ndani yake mna unga wa dengu, samli, sukari na iliki kidogo, basi. Unga unakaangwa katika samli kwa moto mdogo, na mkono haupumziki. Mwanzoni unga unafyonza samli yote, unakuwa mzito, mwiko unakataa kuzunguka. Mpishi mgeni akiona hivyo ataongeza samli na kuharibu kila kitu. Mpishi mzoefu anangoja. Baada ya muda unga unalegea wenyewe, samli inachungulia tena pembeni mwa sufuria, rangi ya njano inaingia wekundu kidogo, na ile harufu ya ubichi inaondoka, inakuja harufu ya karanga zilizokaangwa. Hapo anaepua. Jicho limesema, pua imesema, mkono umesema. Ulimi haukuulizwa.

Kuna vingine vinavyotaka shira. Wanaopika kaimati na visheti kule pwani wanaijua shira: sukari na maji vichemke mpaka vizito. Shira ikiwa nyepesi, kitu kitamu hakigandi. Ikizidi, kinakuwa kigumu hata jino linaogopa. Mpishi wa hekalu anachukua tone moja, anaacha lipoe kidogo, analibana kati ya kidole gumba na cha shahada, kisha anavifungua vidole taratibu. Ukitokea uzi mmoja usiokatika, shira inafaa kwa kazi fulani. Zikitokea nyuzi mbili, inafaa kwa kazi nyingine. Halafu ananawa, halambi.

Wafugaji wa Mugamba watapenda kusikia habari ya penda. Penda ni maziwa. Unachukua maziwa, unayachemsha kwenye karai pana, unakoroga na kukwangua pembeni kwa saa kadhaa mpaka maji yote yameondoka na kimebaki kitu kizito kama donge. Lita tano za maziwa zinakupa takriban kilo moja tu. Hapo unatia sukari na iliki, unafinyanga vidonge vidogo, unabonyeza kila kimoja katikati kwa dole gumba. Mtu amesimama motoni asubuhi nzima juu ya maziwa ya ng'ombe, na hata kijiko kimoja hajatia mdomoni.

Kabla ya kuanza kazi mpishi ameoga na kuvaa nguo safi. Kitunguu maji na kitunguu saumu haviingii katika jiko hilo kwa madhehebu mengi, nyama na yai ndiyo kabisa. Chakula kikiwa tayari kinapangwa, kinapelekwa mbele ya sanamu, maji ya kunywa yanawekwa kando, kisha pazia linafungwa. Waumini wanabaki nje ya pazia wakiimba nyimbo za kumkaribisha mungu wao mezani, maana hata mgeni wa kawaida hatukodolei macho akila. Muda ukipita, pazia linafunguliwa. Mahali pengi kile kilichotengwa kinarudishwa na kuchanganywa kwenye vyungu vikubwa, ili chote kiwe kimepata baraka. Ndipo ugawaji unapoanza, na ndipo mpishi naye, kwa mara ya kwanza, anapojua kama kazi yake ilikuwa tamu.

Siku kubwa ya mapishi hayo kwa Wahindu wengi ni ile inayofuata Diwali, mwezi wa Oktoba au Novemba. Watu wa Gujarati wanaihesabu kuwa mwaka mpya. Wanaiita Annakut. Ngazi zinapangwa mbele ya madhabahu, na juu ya ngazi hizo vyakula vinajazwa kuanzia sakafuni mpaka karibu na miguu ya sanamu.

Asili yake ni kisa cha mvua. Wanasimulia kwamba wachungaji wa kijiji kimoja walikuwa wakimtolea sadaka Indra, mungu wa mvua. Krishna, akiwa bado kijana mchunga ng'ombe, akawaambia: mlima huu wa Govardhan ndio unaowapa majani na maji, toeni shukrani kwa mlima. Indra akakasirika, akafungulia mvua ya kuangamiza. Krishna akauinua mlima kwa kidole kidogo, akaushikilia siku saba, watu na ng'ombe wao wakakaa chini yake. Sisi wa kaskazini ya Bujumbura hatuhitaji kuelezwa mvua kama hiyo. Usiku ule wa Februari 2014, maji yaliposhuka kutoka milimani na kubomoa nyumba za Kamenge na Kinama, na watu wengi wakafa, hatukupata wa kutuinulia mlima.

Katika kisa hicho Krishna alikuwa na desturi ya kula mara nane kwa siku, na siku zote saba hakula kitu, mikono ilikuwa na kazi. Mvua ilipokatika, wanakijiji wakamlipa milo yote aliyoikosa. Saba mara nane ni hamsini na sita. Ndiyo maana mpaka leo mahekalu mengi hutoa sadaka ya vyakula 56. Jambo linalonivutia ni hesabu yenyewe. Kijiji kilikumbuka kuwa aliyewaokoa alikaa na njaa, kikahesabu mlo mmoja mmoja.

Idadi hiyo si kikomo. Hekalu la Swaminarayan la Neasden, London, lililofunguliwa mwaka 1995, liliandaa Annakut ya vyakula 1,247 mwezi wa Oktoba mwaka 2000, ikaingia katika kitabu cha rekodi za dunia cha Guinness. Na waumini wengi wa hekalu lile ni watoto na wajukuu wa huku kwetu. Ni familia zilizotoka Kenya, Tanzania na Uganda. Wale wa Uganda walipewa siku 90 na Idi Amin mwaka 1972 wawe wameondoka. Maduka waliyaacha, na nyumba pia. Kipimo cha samli kwa unga hakuna askari wa mpakani aliyeweza kukipekua.

Huku kwetu nako mapishi hayo yana historia ndefu. Unguja, enzi za Seyyid Said, forodha yote ya Sultani ilikuwa mikononi mwa Mbaniani mmoja wa Kutch, Jairam Shivji. Alikuwa Bhatia, jamii ya wafanyabiashara wasiokula nyama. Wabaniani wa wakati ule hawakuja na wake zao. Walivuka bahari peke yao na upepo wa kaskazi, wakakaa miaka, wakarudi kwao. Na kwa kuwa dini iliwabana kuhusu nani apike chakula chao, yule tajiri tunayemfikiria ameketi na daftari la hesabu alikuwa karibu zaidi na jiko kuliko tunavyodhani.

Kisha ladu, kitu kitamu kingine cha Wahindi, likatoka hekaluni, likaingia mtaani. Waulize watu wa Mombasa na Unguja. Ladu lao limetiwa tangawizi na pilipili manga, limeviringwa duara, linaliwa harusini na siku ya Idi. Waswahili walilichukua, wakalitia ukali wao, na hakuna anayekumbuka kuuliza lilitoka wapi.

Halafu ikaja reli. Kati ya mwaka 1896 na 1901 Waingereza walileta wafanyakazi takriban 32,000 kutoka India kujenga reli ya kutoka Mombasa hadi Kisumu. Karibu 2,500 walikufa kazini. Wengi wa waliosalia walirudi kwao, wachache wakabaki. Miongoni mwa waliobaki walikuwa Masingasinga, ambao si Wahindu, wana dini yao wenyewe, lakini nao wana kitu kitamu cha ibada. Mwaka 1926 Masingasinga wa reli walijenga hekalu lao Makindu, kwenye njia ya Nairobi na Mombasa. Bado lipo. Msafiri yeyote akisimama pale, awe dereva wa lori, mwanafunzi au mchungaji wa kanisa, anapewa chakula bila kuulizwa dini yake, bila kulipa.

Na katika nyumba zao za ibada wanagawa halua ya ngano wanayoiita karah prashadi. Kipimo chake hata mtoto anakishika: unga sehemu moja, samli sehemu moja, sukari sehemu moja. Vyote sawasawa. Ikigawiwa, unaketi chini pamoja na wengine, unakinga viganja viwili, unawekewa fungu lako. Mwenye gari kubwa na mwenye ndala wamekaa sakafu moja, wamekinga mikono namna moja. Fungu la mkubwa halizidi la mdogo.

Kwa Wahindu nako kuna mfano mkubwa wa jambo hilo. Kule Puri, mashariki mwa India, katika hekalu la Jagannath, chakula kinapikwa kwa kuni kwenye vyungu vya udongo vilivyobebanishwa kimoja juu ya kingine. Nchi ile imeteswa na matabaka kwa karne nyingi, kiasi kwamba mtu wa tabaka moja hakubali maji kutoka kwa mtu wa tabaka jingine. Lakini chakula cha Jagannath kikishatolewa, watu wa tabaka mbalimbali wanakila pamoja, hata kutoka chombo kimoja. Sisemi kwamba matabaka yamekwisha, maana hayajaisha. Nasema kuna saa moja na chungu kimoja ambapo sheria hiyo inalazimika kunyamaza.

Sasa turudi nyumbani, wasikilizaji.

Sisi Warundi tuna sheria yetu ya kuonja, nayo ni kinyume kabisa. Mtu akikuletea pombe, iwe ya ndizi au ya mtama, yeye ndiye anayeonja kwanza. Anakunywa kidogo mbele yako, wewe unamwona, ndipo anakupa mrija. Asipoonja, una haki ya kukataa, na wazee hawatakulaumu. Maana yake tunaijua sote, ingawa hatupendi kuisema: anakuonyesha kwamba hakuna sumu.

Kwa hiyo kwetu mwenye kutoa anaonja ili mgeni awe salama. Kwao mwenye kutoa haonji ili mgeni awe na heshima. Sheria mbili, zimegeukiana mgongo, lakini zote mbili zinajua jambo moja: ladha ya kwanza si kitu cha mchezo. Anayeitwaa lazima awe na sababu, na sababu hiyo lazima iwe faida ya mwingine.

Na sisi wa Mutakura tunajua thamani ya kuaminiana mezani. Mtaa wetu umepita katika nyakati ambazo mtu hakupokea hata maji kwa jirani. Hali hiyo ilitokea wakati wa vita vya miaka ya 1990, na katika machafuko ya mwaka 2015 wengine wakaikumbuka tena. Mezani ndipo hofu inapoingia mapema, na ndipo inapochelewa kutoka. Siku jirani wawili walipoanza tena kugawana sahani ya maharagwe juu ya ua, hiyo ilikuwa habari kubwa kuliko nyingi tulizozisoma katika taarifa.

Lakini sheria ya mpishi asiyeonja ina hatari yake, na mwaka 2024 India nzima iliiona. Kule Tirumala, kusini mwa India, kuna hekalu la Venkateswara linalopokea mahujaji kwa maelfu kila siku. Kila hujaji anataka kurudi na ladu la hekalu hilo: unga wa dengu, samli, sukari, korosho, zabibu kavu na iliki. Desturi ya kutoa ladu pale inahesabiwa tangu mwaka 1715, na siku hizi yanatengenezwa zaidi ya laki tatu kwa siku. Septemba 2024 Waziri Mkuu wa jimbo la Andhra Pradesh, Chandrababu Naidu, alidai kwamba samli iliyonunuliwa wakati wa serikali iliyomtangulia ilichanganywa na mafuta ya wanyama. Muuzaji alikana. Wapinzani wakasema ni siasa. Mahakama ya Juu ya nchi ikaagiza uchunguzi ufanywe na timu maalumu, na ikawataka wanasiasa wasiiburute miungu katika siasa zao.

Nani ana kosa, hilo tuwaachie wachunguzi. Mimi nimetazama kitu kingine. Fikiria mtu ambaye hajala nyama tangu azaliwe, ametembea na kupanda mlima mpaka hekaluni, akapokea ladu kwa mikono miwili, halafu anasikia habari hiyo redioni. Na fikiria mpishi. Yeye hakuonja, maana sheria ilimkataza. Alimwamini mwenye ghala, mwenye ghala akamwamini muuzaji, muuzaji naye anajua alichotia kwenye debe. Mpishi akikatazwa kuonja, basi uaminifu wote unahamia kwa watu walio nyuma yake, ambao hekalu haliwaoni. Usafi wa mikono ya jikoni hauwezi kusafisha debe lililochafuliwa njiani.

Nitasimama kidogo hapa, kwa sababu najua kuna msikilizaji wa Buyenzi ambaye tangu nianze amekuwa na swali: je, mimi Mwislamu nikipewa hiyo prasadi nile? Na kuna Mkristo wa hapa jirani mwenye swali hilohilo. Mimi si shehe wala si padri. Ninachojua ni kwamba Waislamu wengi hawali kilichotolewa kwa asiyekuwa Mwenyezi Mungu, hata kama ndani yake hamna nyama. Wakristo nao wana barua ya kwanza ya Paulo kwa Wakorintho, ambayo katika sura ya nane na ya kumi inazungumza kirefu habari ya vyakula vilivyotolewa kwa sanamu, na shauku kubwa ya Paulo pale ni kwamba ulaji wako usimwangushe ndugu yako. Kila mmoja aulize kwa wakubwa wake wa dini.

Ila kukataa nako kuna adabu yake. Jirani akikuletea, hajakuletea ugomvi. Usikunje uso, usikitupe mbele yake, usimhubirie mlangoni. Mwambie: asante ndugu, dini yangu hainiruhusu, lakini nimeipokea nia yako. Anayeshika dini yake mwenyewe atakuelewa upesi kuliko asiyeshika yoyote. Na ukiamua kupokea, pokea kwa mkono wa kulia au kwa viganja viwili, usiweke chini, usibakize. Kuna hekalu moja la Wajaini kule Mahudi, Gujarati, wanagawa sukhdi, kitu kitamu cha unga wa ngano, samli na sukari guru, na sheria yao ni kwamba kipande hakitoki nje ya uwanja. Unakula palepale, na usichokimaliza unampa aliye karibu nawe. Hakuna kujilimbikizia mfukoni.

Sasa sukari. Niliahidi tutaifikia, lakini kwanza turudi nyuma kidogo.

Wazee wetu walikuwa na umuganuro. Vijana wengi wanaujua kwa jina tu. Ilikuwa sherehe kubwa ya mtama, mwishoni mwa mwaka, mbele ya mwami, yaani mfalme, na ngoma takatifu ya Karyenda. Mwami ndiye aliyeufungua msimu. Hakuna aliyejiamulia kupanda mtama kabla ya ngoma kuruhusu. Ilidumu mpaka mwishoni mwa miaka ya 1920, wakati wa Wabelgiji, ikazimwa. Tukiitazama vizuri, ilikuwa nayo ni sheria ya nani anatangulia. Mkubwa alitangulia, lakini alitangulia hadharani, mchana, watu wakimwona, na baada yake kila rugo, yaani kila boma, likapata ruhusa yake. Kutangulia kwake kulikuwa mlango wa wengine kupita.

Leo sukari yetu inatoka Moso, kusini-mashariki mwa nchi, kunako mashamba ya miwa. Sote tunajua inavyoadimika. Bei ya serikali imeandikwa, kila mtu anaijua, lakini kuiona sukari yenyewe kwa bei hiyo ni bahati. Inatoka kiwandani ikiwa na bei moja, inafika kwenye avenyu zetu ikiwa na nyingine. Katikati kuna watu. Simtaji mtu, na wala si wote walio wabaya, maana usafiri una gharama na mafuta ya gari nayo tunayajua yalivyo. Lakini mfuko unaotoka Moso ukiwa kamili na kufika Mutakura umegawanywa vifuko vya nailoni, kila mkono ulioupitia umeonja kwanza. Wala haukuonja hadharani, kama mwenye pombe anayetuonyesha hakuna sumu, wala kama mwami mbele ya ngoma. Umeonja gizani, na faida ilikuwa ya mwonjaji peke yake.

Si sukari peke yake. Mnalijua jambo hili katika kikundi cha kuweka akiba, pale mweka hazina anapojikopesha kabla ya mkutano. Mnalijua katika msaada wa mafuriko, blanketi zinapopungua kati ya lori na foleni. Mnalijua hata kanisani, siku ya mavuno, pale ndizi nzuri zinapokwisha kabla ya misa kwisha. Kote huko swali ni lile la jikoni: kitu hiki ni cha wengi, kimepita mikononi mwako, je, ulionja?

Ndiyo maana nimewapeleka mpaka London, Makindu, Puri na Tirumala jioni hii. Sikusudii mtu abadili dini. Wahindu nao wana wezi wao, na kisa cha samli kimetuonyesha kwamba hata ladu la mungu linaweza kuzua kesi. Lakini wamehifadhi zoezi moja ambalo mtu wa kawaida analifanya kwa mikono yake kila sikukuu: anashika kitu kitamu kuliko vyote alivyoweza kuvipika, ana njaa, hakuna anayemwona, na anajizuia. Watoto wa nyumba wanasimama pale jikoni wakitazama. Wanakua wakijua kwamba kitu kinaweza kuwa mkononi mwako na bado kikawa si chako. Somo hilo sisi tunalifundisha kwa hotuba, kwa mabango na kwa semina, na mnaona lilipotufikisha. Wao wanalifundisha kwa sufuria.

Nasi hatukosi pa kuanzia. Yule mzee wetu anayeonja pombe mbele ya mgeni amebeba nusu ya somo: ukionja, onja tukikuona, na uonje kwa ajili ya usalama wetu. Nusu ya pili tuiazime kwa mpishi wa Annakut: ambacho si chako, usikionje kabisa mpaka wenyewe wamepata. Mweka hazina, mgawa msaada, mwenye ghala, mwenyekiti wa mtaa, hata sisi wa redio tunaopewa habari kabla yenu, tuanze na hiyo nusu ya pili, maana ndiyo inayotushinda.

Simu zetu ziko wazi kuanzia sasa. Niambieni: katika nyumba yenu, nani anaonja kwanza, na kwa nini? Mama wa Kinama ambaye kila wiki anapiga simu kwanza, leo nakuomba uwape wengine nafasi, uwe wa pili. Tusikilizane.